Ngozi Iliyokuwa Juu ya Boriti

Baba,

Ile ngozi uliyoniambia niiache mahali ilipo, sikuiacha. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe hukuwa na subira na mtu wa kuzunguka. Niliishusha kutoka kwenye boriti ya stoo mwezi wa tano, miezi miwili tangu tukuzike. Nikaikung'uta vumbi, nikampa mwalimu wa kwaya. Sasa ni ngoma ya kanisa.

Nisikilize mpaka mwisho, halafu ukasirike.

Nimeketi kwenye kile kigoda chako cha kukamulia, hapa nje ya jikoni, daftari likiwa magotini. Nakuandikia kwa Kiswahili kama nilivyokuandikia nikiwa shule ya bweni. Wewe Mnandi, Mama Mbukusu, na nyumba yetu ikachagua lugha ya katikati ili asiwepo mtu wa kusengenywa mbele ya uso wake. Ulisema hivyo mwenyewe, ukicheka. Barua zangu zilikuwa kurasa mbili za malalamiko, maharagwe yenye wadudu, blanketi iliyoibwa. Majibu yako yalikuwa mstari mmoja, kila muhula ule ule: "Ng'ombe wazima. Soma." Wasichana wa bweni letu walifanya hiyo kuwa salamu yao ya asubuhi. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini karatasi zako ninazo, ziko ndani ya kopo la majani chai.

Tangu uondoke nimekuwa mtu wa kushuku. Ungeniona ungeshangaa. Si wewe uliyekuwa ukisema kwamba mimi nikimwona fisi amevaa koti nitamwambia karibu chai? Siku hizi hata mwenye koti lake halali namtazama mara mbili.

Ilianza kabla udongo wa kaburi lako haujakauka. Siku ya mazishi wazee walisimama, wakauliza mbele ya watu wote kama kuna anayemdai marehemu chochote, aseme sasa. Watu kimya. Wiki mbili baadaye akaja mtu mmoja, sitamtaja, akasema plau yako ulimuahidi yeye. Alikuwepo mazishini. Alikula, akaongezewa, akanyamaza. Nilimwambia alete shahidi, akamtaja mzee ambaye naye ni marehemu. Kisha jirani wa upande wa mto akasogeza ua hatua moja ndani ya shamba letu. Nilipomuuliza akasema, "Jerono, miti huota inakotaka." Miti ambayo aliipanda juzi na jembe lake bado lina udongo.

Halafu mbolea. Hili linaniuma kwa sababu ulinifundisha. Nilikuwa na miaka kama tisa, tuko sokoni Soy, ukainama kwenye gunia ukanionyesha mshono wa mdomo wake. "Kiwanda hushona mara moja," ulisema. "Mwizi hushona mara ya pili." Ukanivuta kidole ukakipitisha juu ya uzi, nitafute matundu ya sindano ya zamani kando ya matundu mapya. Nilijua hayo yote, Baba. Lakini mwezi wa nne mvua ilikuwa imekuja kwa haraka, majirani wanapanda, na lori likasimama kando ya barabara, kijana mmoja mcheshi juu yake akiniita mama wa shamba. Nilifurahi kuitwa mama wa shamba. Mshono niliutazama jioni, mbolea ikiwa tayari chini ya ardhi. Uzi wa bluu, na kando yake matundu matupu, mstari mzima.

Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakawa ya manjano kama mtu mwenye homa. Viwavi jeshi wakamalizia. Mimi na Mama tulifanya kama ulivyokuwa ukifanya, kuchukua majivu kwa vidole vitatu na kuyatia ndani ya moyo wa kila shina, mstari kwa mstari. Tulimaliza majivu ya jikoni kwetu, tukaomba ya majirani. Mama alikuwa akipitia mistari ya upande wa chini akiongea na wadudu kwa Kibukusu. Sikumuuliza anawaambia nini. Tuliokoa robo hivi ya shamba, labda pungufu.

Kwa hiyo kilichobaki ni Tui. Wewe ulimpa hilo jina, mweusi kwa Kinandi, ukasema ng'ombe hahitaji jina refu, hataandikwa shuleni. Maziwa ya asubuhi yanachukuliwa na mtu wa pikipiki pale njia panda, ya jioni ni yetu. Tui ndiye chumvi, ndiye sabuni, ndiye dawa ya presha ya Mama. Nikimkamua huweka paji la uso kwenye ubavu wake kama ulivyokuwa ukifanya. Pale mahali pako pana joto.

Sasa ngozi.

Mwezi wa tano Mama alikuwa kwa dada yake Webuye, kupumzika kidogo na kulia bila kutazamwa. Mimi nikaanza kusafisha stoo. Panya walikuwa wamejenga ndani ya ile ngozi iliyokunjwa. Nilikumbuka ulivyosema siku nilipotaka kuitupa, ukiwa umeketi mlangoni ukipukuchua: "Hiyo usiguse. Hiyo iko na mwenyewe." Nikadhani ni utani wako, mwenyewe ni panya. Mwalimu wa kwaya alikuwa anatafuta ngozi, ngoma ya kanisa ilikuwa imepasuka tangu Pasaka. Nikasema Baba alipenda kuimba, hata kama sauti haikumpenda. Nikaona nimekutolea sadaka. Jumapili ya kwanza ilipopigwa nililia, na Mama, aliyekuwa amerudi, akanishika mkono.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumanne, nilikuwa namkamua Tui. Pikipiki ikasimama langoni, akashuka mzee mrefu mwenye fimbo na koti la kahawia. Hakuja kwanza kwangu. Alikwenda kwa Tui, akamzunguka, akamtazama meno, akamgusa mahali pembe zinapoanzia. Ndipo akanisalimia kwa Kinandi, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili.

"Huyu ni binti ya yule wangu," akasema. "Ametoa macho ya mamake."

Nikasimama na ndoo. Nikamuuliza, "Mzee, wewe ni nani?"

"Sitienei. Wa Chepsaita. Baba yako hakuwahi kunitaja?"

"Hapana."

"Vizuri," akasema.

Baba, neno hilo ndilo lililoniharibu. Ni mtu gani mwema anayefurahi kusikia kwamba hajawahi kutajwa? Nikamtazama vizuri. Koti lake lilikuwa na vifungo vitatu, na kimoja kilishonwa kwa uzi mweupe, vingine uzi wa kahawia. Nikasema moyoni, huyu naye ameshonwa mara ya pili.

Akauliza mama yake Tui yuko wapi. Nikasema alikufa mwaka juzi, kupe walimmaliza, mimi nilikuwa Langas nikifulia watu nguo. Akasema pole. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Na ngozi iko wapi?"

Hapo nikaona mtego. Nikajiambia, nikikubali kwamba kulikuwa na ngozi, atasema ndiyo ushahidi wake, na kesho atakuja na kamba. Aliyejua kuuliza habari za ngozi alikuwa amechunguza nyumba yetu. Nikamjibu haraka, "Hakuna ngozi."

Akapangusa kichwa cha fimbo yake kwa kiganja.

"Msichana, sema imepotea. Sema imeliwa na panya. Usiseme hakuna."

"Nimesema hakuna. Na kama ulikuwa na ng'ombe hapa, mbona hukusema siku ya mazishi?"

"Ng'ombe hazisemwi kwa mkutano."

Akageuka. Alipofika langoni akasema, bila hasira, kama mtu anayejikumbusha mwenyewe, kwamba yule wake alikuwa mweusi mwenye baka jeupe ubavu wa kushoto, na kwamba kwapani, mguu wa mbele wa upande huo huo, alimchoma alama mbili ndogo akiwa ndama. "Hata anayemkamua hazioni," akasema. "Ni ngozi tu ingeonyesha." Akapanda pikipiki. Sikumpa chai. Katika nyumba yako, Baba, mzee aliondoka bila chai, na mimi nilirudi kukamua nikijipongeza.

Wiki ya pili nikasikia kwenye njia panda watu wananyamaza nikifika na debe langu. Unakijua kile kikundi chetu cha nyumba tano, tunaopalilia kwa zamu na kuvuna kwa zamu, wiki hii kwako, wiki ijayo kwangu. Ndicho kilichotuvusha miaka yote mibaya. Sisi tulikuwa tumeenda kwa wote wanne, tumekata mahindi yao na kuyasimamisha mafungu. Wiki yetu ilipofika walikuja wawili, wakafanya kazi mpaka saa nne, wakakumbuka shughuli nyingine.

Nilimfuata Mama Chumba, mmoja wa wale wanne, mpaka jikoni kwake. Hakutaka kuniangalia.

"Si kwa ubaya, Jerono. Lakini watu wanauliza. Kama Mzee alikula ng'ombe wa rafiki yake, sisi majembe yetu mtayala lini?"

Nilimwambia sielewi. Akaniangalia kama mtu anayemtazama mtoto wa mgeni, na labda ndivyo nilivyo, nusu. Ndipo akanieleza jambo ambalo nyumba nzima ya Kinandi ingejua na mimi sikulijua, kwa sababu ulimwoa Mama na mkaongea lugha ya katikati, na mengine yakaanguka katikati hapo hapo.

Alisema mtu mwenye akili haweki ng'ombe wote boma moja. Anampelekea rafiki mmoja huku, mwingine kule, kimya kimya, ili ugonjwa ukija, au ukame, au moto kama mwaka ule watu walipochomeana nyumba, usikute kila kitu mahali pamoja. Anayetunza anakunywa maziwa. Ndama ni wa mwenyewe. Na ng'ombe akifa, anayetunza anamchuna, anaikausha ngozi na kuiweka, hata miaka kumi, mpaka mwenyewe aje aione. Ngozi ikiwepo, ng'ombe alikufa. Ngozi isipokuwepo, aliuzwa au aliliwa.

"Na wewe ulimwambia mwenyewe hakuna ngozi," akasema Mama Chumba. "Mtu wa pikipiki aliyemleta alikuwa langoni. Alisikia."

Nilitembea kurudi nyumbani kwa njia ya chini, ile ya mto, nisikutane na mtu.

Mama nilimkuta anachambua maharagwe. Nilimuuliza yule ng'ombe aliyekufa alikuwa wa nani. Akasema, "Mimi sikuambiwa ni wa nani. Niliambiwa kamua, usiuze." Akaendelea kuchambua. Baadaye kidogo akaongeza, "Hata huyu Tui. Kamua, usiuze."

Baba, nikatoka nikaenda kumtazama Tui.

Unakumbuka mwezi wa pili. Daktari wa mjini alikuwa ameshasema matibabu yako yanahitaji pesa ngapi. Mjomba Wafula alimleta mnunuzi mpaka langoni, mtu wa haki, na bei ya haki. Ulikuwa huwezi kutembea bila kushika ukuta. Uliinuka, ukashika ukuta, ukashika mlango, ukashika nguzo ya boma, ukafika. Ukasema, "Huyo hauzwi." Ukarudi, nguzo, mlango, ukuta. Nilikuwa nimesimama na kikombe chako cha uji. Sitakuficha nilichofikiria. Nilifikiri, huyu mzee anapenda ng'ombe kuliko anavyotupenda sisi. Nilikuzika na hilo moyoni. Wengine walilia kwa huzuni, mimi nilikuwa nalia kwa hasira, na watu wakanisifu kwamba nimekupenda sana.

Na bado, hata baada ya maneno ya Mama, sikuamini moja kwa moja. Nataka uelewe nimekuwa mtu wa namna gani. Nilijiambia, baka jeupe hata mpita njia angeliona kutoka barabarani. Desturi hiyo kila mzee anaijua. Tapeli mzuri ni yule anayejua desturi. Kitu kimoja tu ndicho ambacho mpita njia hangekijua, zile alama za kwapani. Na ngozi ilikuwa inapigwa kila Jumapili mbele yangu.

Nilibaki nyuma baada ya ibada. Nilimwambia mwalimu wa kwaya nimedondosha hereni, nikapiga magoti kando ya ngoma. Katikati, mahali pa kupigia, fundi alikuwa amekwangua manyoya yote. Lakini pembeni, pale ngozi inaposhuka chini ya kamba, aliyaacha. Nikazunguka nayo kwa magoti. Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Kisha jeupe, kama mtu aliyemwagikiwa unga. Nilisukuma kamba kwa kidole gumba, chini ya lile jeupe.

Zilikuwepo. Mbili, ndogo, kama punje mbili za mahindi, hazina manyoya.

Nilitamani nisizione, Baba. Ni wewe peke yako ninayeweza kumwambia. Kanisa lilikuwa tupu, kamba ilikuwa inarudi mahali pake yenyewe, na hakuna mtu duniani aliyejua isipokuwa mimi. Nikisimama na kusema nimeipata hereni, Tui anabaki, Mama anameza dawa zake, watu watasahau, watu husahau. Jina lako tu ndilo lingebaki na doa, na wewe haupo kulisikia. Nilikaa kwenye magoti yale mpaka miguu ikafa ganzi. Nikakumbuka nguzo, mlango, ukuta. Ulikuwa umeshajibu.

Jumatatu nilienda Chepsaita. Nilimkuta Mzee Sitienei anashona gunia kwa sindano kubwa, peke yake, na wanawe wawili wameketi barazani na simu zao. Waliponiona wakanyanyua vichwa. Yeye akasema kwa sauti kubwa, "Ni mtu wa kanisa, anataka mchango," kisha akanipeleka mpaka nyuma ya banda la kuku.

"Hao wanauza kila kitu chenye miguu minne," akaniambia. "Juzi nimewakuta wanaangalia meza."

Ndiyo maana alifurahi kwamba hukuwahi kumtaja. Na kile kifungo alikishona mwenyewe. Mke wake alikufa mwaka jana, na uzi wa kahawia hakuupata.

Nilimwambia nilidanganya. Nilimwambia ngozi iko wapi. Hakunigombeza, aliniuliza tu mazoezi ya kwaya ni siku gani.

Alikuja Alhamisi, wakati wa mazoezi. Mwalimu wa kwaya akashika ngoma kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa mtoto. Mzee Sitienei akainama polepole, fimbo chini, akaweka kiganja juu ya lile jeupe. Nikamsukumia kamba. Akapitisha kidole kwenye zile alama, moja, halafu ya pili.

"Alikufa," akasema.

Hilo tu. Lakini aliendelea kuinama, na nikaona kwamba alikuwa amebeba shaka hiyo wiki zote hizo, kwamba rafiki yake wa miaka arobaini labda alimuuzia ng'ombe na kwenda kaburini bila kumwambia. Yeye pia alikuwa akitazama nyuzi.

Mwalimu akauliza kama ataichukua. Akasema, "Nikae nayo wapi? Piga tu. Lakini usipige hapo pembeni."

Nje ya kanisa nilimweleza habari za mwezi wa pili, mnunuzi langoni na ulivyoshika ukuta. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda nilitaka ajue Tui aliponea wapi. Akaiangalia barabara.

"Angeniuliza," akasema. "Ningemwambia uza."

Baba, mbona hukumuuliza? Chepsaita si mbali. Nimeligeuza swali hili kila siku, na kila siku linanipa jibu tofauti. Pengine uliogopa wanawe wajue. Pengine ulidhani bado una wakati. Pengine uliona mtu haombi ruhusa ya kuuza alichokabidhiwa, kwa sababu kuomba tu ni kama kuuza. Nimekusamehe yale ya kupenda ng'ombe kuliko sisi, kwa sababu hayakuwa kweli. Hili la kutomuuliza bado sijalisamehe. Nalisema wazi ili lisioze ndani yangu.

Nilikuwa nimemfunga Tui kamba mpya, tayari. Tulipofika nyumbani nikamkabidhi mzee. Mama alitoka, akasimama na mikono kwenye leso. Mzee akaishika kamba, akamtazama Tui, akamtazama Mama.

"Nimpeleke wapi? Kwa wale wawili? Atafika Ijumaa?" Akanirudishia. "Maziwa ni yako. Akizaa, ndama ni wangu, kama zamani. Mkataba haukuwa wa baba yako peke yake, ulikuwa wa boma lake."

Nikamwambia mimi ni mwanamke, na nusu ya pili ni Mbukusu. Akasema ng'ombe naye ni mwanamke, na nusu ya pili ni wa serikali, ile mbegu ya fahali ya sindano, na bado anatoa maziwa. Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Nikawapikia chai, nikaweka majani ya kutosha, akanywa vikombe vitatu.

Kesho yake asubuhi alikuwa njia panda kabla ya mtu wa maziwa. Aliwasalimia watu wote mmoja mmoja, akauliza mvua, akalalamika magoti. Kisha akasema, kama kitu kilichompita kichwani, "Ile ngozi nimeiona." Akaondoka. Ya Tui hakuyataja. Jumatatu iliyofuata kikundi kilikuja chote, wanne, na Mama Chumba akaleta mandazi. Hakuna aliyeomba msamaha. Wala mimi sikuomba. Tulikata robo yetu ya mahindi, kazi ya siku moja, tukaifanya ichukue mbili.

Lakini kuna jambo aliloniambia Mzee Sitienei akiwa kwenye kikombe cha tatu, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Aliuliza, "Na ng'ombe zenu ziko wapi?" Nikamwambia hatuna nyingine. Akatikisa kichwa. "Baba yako hakuwa mjinga wa kuweka zote hapa. Kwangu hakuna. Hakuniambia ni kwa nani, na mimi sikumwambia zangu nyingine. Lakini ziko."

Kwa hiyo, Baba, mahali fulani kuna mtu anamkamua ng'ombe wako. Anajua umekufa, au hajui. Mwezi wa tisa umepita, wa kumi na moja unaisha, hajaja. Nimejikuta nawatazama wazee wote sokoni Soy, nani ananikwepa macho, nani anauliza habari za Mama kwa urefu usio wa kawaida. Wiki iliyopita mmoja alinisalimia mara mbili na nikakosa usingizi. Mama anasema niache. Anasema nikienda kuuliza boma kwa boma, nitakuwa kama yule wa plau. Nimekubali, nusu.

Nimefikiri pia kwamba huenda huyo mtu yuko kwake sasa hivi, akiniogopa mimi. Amesikia kuna binti, ana maneno makali, alimfukuza mzee bila chai. Huenda ng'ombe wako alikufa muda mrefu, na yeye ana kitu kimekunjwa juu ya boriti, na hajui ataniambia nini.

Basi nakuahidi hivi. Boriti ya stoo nimeifagia, sitaweka kitu juu yake. Tui akifa mikononi mwangu nitamchuna mwenyewe, na ngozi yake itakaa pale mpaka mwenyewe aje, hata kanisa zima likiomba. Mshono nitaendelea kuutazama, hilo sitaacha, ni wewe uliyenifundisha. Lakini siku mtu atakaposimama langoni hana ng'ombe, hana ndama, amebeba ngozi tu mikononi, sitamuuliza kwa nini alichelewa. Nitaifungua uani, nitaitazama, nitasema nimeiona. Kisha nitamwambia aketi, na maji yatakuwa tayari jikoni.

Jua linapungua, nasikia ndoo, Mama ananikumbusha kwa kelele bila kuniita. Nakuacha hapa, Baba.

Tui mzima. Pumzika.

Jerono wako